Mama Anajifunza Kukaa

Jumatatu, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri na paa la karakana limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Nimesogeza makochi mawili ya watu, nimeweka ndoo, halafu nimeketi kuandika, jambo ambalo sijalifanya tangu shule. Naandika kwa sababu jana niliahidi kitu mbele ya watu, na najijua: nisipoandika nitajidanganya.

Ahadi yenyewe ni kwamba mama atapanda ndege akamwone pacha wake.

Pacha wake tunamwita Mama Mkubwa, kwa kuwa alimtangulia mama kuzaliwa kwa robo saa. Anaishi kwa mwanawe, mji wa mbali, kilomita elfu nane na mia nne kutoka hapa. Miaka kumi na tisa hawajaonana, lakini kila Jumapili walikuwa wakipigiana simu na kubishana saa nzima, na baada ya hapo mama anakuwa mchangamfu wiki nzima. Mwezi wa kwanza Mama Mkubwa alipasuliwa koo, na uvimbe ukaondoka na sauti. Sasa mama akipiga, mwanawe anamshikia simu naye anaigonga kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Jana mama alizungumza peke yake dakika ishirini, halafu akauliza, "Unaumwa?" Ikagonga moja. "Sana?" Moja. "Nije?" Ikagonga, ikagonga, ikagonga, mpaka mwanawe akaichukua simu. Akatuambia daktari wa huko amesema mwezi wa sita ni mbali.

Simu haitoshi tena. Hilo hata Kaka analikubali.

Tatizo ni paja. Mama alivunjika mwaka jana, akawekewa chuma, na tangu hapo hawezi kukaa wima zaidi ya dakika arobaini. Lazima alale chali. Leo tumekwenda kwa daktari wa mifupa. Akasema, "Shirika la ndege linataka fomu yenye sahihi yangu. Mkinionyesha amekaa muda wote wa safari bila kulala, nasaini. Kusimama dakika moja kila saa, ruksa. Kulala, hapana. Asipoweza sisaini, hata mkinililia."

Mama akasema, "Nitakaa."

Kaka akasema, "Hapana."

Kaka ndiye mkubwa wetu, anasimamia ghala la vipuri, na hilo ndilo neno linalotangulia kinywani mwake hata ukimwuliza habari za asubuhi. Tangu utoto namwita Bwana Hapana.

Jumatano, 4 Machi

Nimempigia mtoto wa Mama Mkubwa. Nikamwuliza ndege inakaa hewani muda gani. "Nilipokuja kwenu mwaka juzi ilikuwa moja kwa moja, saa tisa na dakika arobaini," akasema. Nimeandika ukutani kwa chaki: 9:40. Ndege tunayoilenga ni baada ya wiki kumi na nusu. Mama leo: dakika thelathini na nane.

Ijumaa, 6 Machi

Mimi ni fundi wa makochi. Kama kuna kitu ninachoweza kumfanyia mama duniani, ni kiti. Nimetafuta vipimo vya viti vya ile ndege: upana sentimita arobaini na tatu, na kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha mbele, sabini na tisa. Kwa vipimo hivyo mteja angenirudishia kazi na matusi juu. Lakini nimekata mbao, nimepiga sponji nyembamba, ngumu, na kitambaa kinachokwaruza. Viti vitatu kwa safu, na mgongo wa safu ya mbele ili magoti yajue adabu. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kuzifanya kwa makini.

Mama amekizunguka kwa mkongojo wake, akakibonyeza. "Wewe ulisomea wapi ufundi?" akaniuliza.

Jumapili, 8 Machi

Dakika hamsini na tano.

Jumanne, 10 Machi

Saa moja na dakika kumi. Mteja wa makochi ya kijani amekuja akamkuta mama ameketi katikati ya karakana, ameitazama mbao iliyo mbele yake, mvua inapiga bati. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa ana nafuu. Mama akamjibu mwenyewe, "Nasafiri."

Jumapili, 15 Machi

Saa mbili kasoro dakika tano. Tumegombana kuhusu saa ya ukutani. Niliitundika mbele yake ili imtie moyo, naye akaamuru iondoke. Mama alikuwa mkunga miaka thelathini na sita. "Mwenye uchungu haonyeshwi saa," akasema. "Akiiona saa anaacha kuzaa, anaanza kuhesabu. Uhesabu wewe." Nimeigeuzia saa upande wa mlango. Sasa ninayehesabu ni mimi, na kweli inachosha.

Kaka amepita, amesimama mlangoni na mwavuli, ameangalia viti, ameondoka. Ana moyo wa jiwe.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Saa mbili na nusu.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Saa mbili na nusu. Haongezeki.

Jumamosi, 21 Machi

Saa mbili na dakika ishirini. Tumerudi nyuma. Nimempa mama redio, akaizima.

Jumatatu, 23 Machi

Nimegundua kosa. Nilikuwa nambembeleza kwa maneno kila anapoanza kuumia: pole mama, bado kidogo mama, jikaze mama. Leo akanikemea. "Usinipe pole kabla sijalia. Nipe kazi." Nimempa misumari ya kutoa kwenye fremu kuukuu na koleo. Saa tatu na dakika tano! Misumari mia mbili na zaidi, na fremu imepona.

Jumapili, 29 Machi

Saa nne na robo. Akasimama kila saa dakika moja, ameshika mgongo wa kiti cha mbele, akiinua visigino. Alimpigia Mama Mkubwa simu akiwa kwenye kiti hicho hicho. "Nimefika njia panda, karibu nusu," akamwambia. Upande wa pili ukagonga mara mbili. Mama akacheka mpaka akashika paja. "Mbishi huyu! Anasema bado."

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Leo asubuhi alifika saa tano na nusu. Nilikuwa nimefurahi kama mjinga. Nilipomsaidia kusimama nikaona mguu wa kushoto umevimba, shavu la mguu gumu na la moto. Mama mwenyewe ndiye aliyeutazama kwanza kwa macho ya kikazi, akasema kwa utulivu, "Itisha gari." Nikajua si mchezo.

Daktari alihofia damu imeganda. Wakampeleka kwenye kipimo, nami nikabaki kwenye ujia. Kaka akaja na sare zake za ghala, viatu vimejaa matope, na hakunisalimu.

"Umeridhika?" akasema. "Umemfanya mama mbao ya kujifunzia. Unapiga misumari mpaka ivunjike."

Nikamwambia yeye kazi yake ni kusimama mlangoni na mwavuli. Nikamwambia mama ana pacha mmoja duniani na yeye ana neno moja. Nilisema kwa sauti ya kusikika, hata muuguzi akatoka kutunyamazisha. Nilitaka aumie, na aliumia. Akakaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono.

"Siku ile alipoanguka," akasema hatimaye, "aliniita nimshikie ngazi. Alikuwa anabadilisha balbu. Nikamjibu nakuja. Nilikuwa natazama mpira, mdogo wangu. Nilisema nakuja mara tatu."

Mwaka mzima ameubeba huo mzigo na sisi hatujui. Mimi nilikuwa nadhani anamkatalia mama kwa sababu ya ubishi tu. Nilijisikia mdogo kama kipini.

"Akianguka tena mbele yangu sitaweza," akasema.

Daktari akatoka: hakuna damu iliyoganda, ni uvimbe wa kukaa. Siku nne alale, na akianza tena avae soksi za kubana na kuchezesha nyayo kila robo saa. Tulipoingia chumbani, mama alikuwa ameshasikia yote, kwa sababu kuta za hospitali ile ni za karatasi. Akamtazama Kaka.

"Nilianguka kwa sababu nilipanda," akasema. "Si kwa sababu hukuja. Mimi ni mtu mzima, nilikuwa na haraka, ngazi ilikuwa mbovu. Usinipokonye kosa langu. Sasa nileteeni chai."

Jumanne, 7 Aprili

Siku nne zimeisha. Saa moja asubuhi, kabla sijafungua karakana, Kaka alikuwa mlangoni bila mwavuli, amelowa. Akapita, akakaa kiti cha katikati, akatanua viwiko.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Ndege haiendi na viti vitupu. Pembeni yake kutakuwa na mtu. Huyo mtu ni mimi, na nimekula nikashiba."

Mama akaingia kwenye kiti chake cha ukingoni, akamsukuma kiwiko. "Abiria gani huyu hana adabu?"

Saa nne kamili. Tumeanza upya.

Jumapili, 12 Aprili

Saa tano na dakika hamsini. Mguu haujavimba. Kaka anamhesabia nyayo: juu, chini, juu, chini, sauti ile ile anayohesabia mikanda ya injini.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua kubwa. Hakuna mteja. Saa sita.

Jumatatu, 20 Aprili

Saa saba na robo. Kaka amechukua likizo yake ya mwaka. Yote ameimalizia kwenye sponji ya sentimita arobaini na tatu, halafu anaamka kiuno kimepinda, anasingizia baridi. Mwanamume mnene hivi, na hajalalamika. Nimeacha kumwita lile jina, hata moyoni.

Jumapili, 26 Aprili

Saa nane na dakika kumi. Ndugu yetu wa kule anasema Mama Mkubwa hajigeuzi tena kitandani, wanamgeuza. Leo simu ilipopigwa aligonga mara moja tu, polepole, na mama hakuwa ameuliza swali.

Jumapili, 3 Mei

Saa tisa na dakika arobaini!

Niligeuza saa ukutani ili aione mwenyewe. Mama akaitazama, akafunga macho, machozi yakateremka. Kaka alilia waziwazi. Daktari wa mifupa nimempigia, atakuja Jumamosi kushuhudia jaribio la mwisho. Ndege ni Jumamosi inayofuata. Nimelala chali sakafuni mwa karakana kwa niaba ya mama.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kwa wakala wa tiketi kuthibitisha nafasi alizotushikilia. Akanichapia karatasi. Nikaisoma kwenye ngazi za ofisi yake, mvua ikininyeshea, nikarudi ndani.

"Hapa mmekosea," nikamwambia. "Mmeandika safari ni saa kumi na moja na dakika tano."

"Hatujakosea, dada."

"Ndege ni ya moja kwa moja. Ni saa tisa na dakika arobaini. Ndugu yangu ameipanda."

"Alikuwa anakuja au anakwenda?"

Nikakumbuka: alikuwa anakuja.

Wakala akachora mstari nyuma ya karatasi, mji huku, mji kule. "Umbali ni ule ule, kilomita elfu nane na mia nne. Lakini huko juu kuna upepo mkali unaovuma kuelekea huku kwetu. Anayekuja anasukumwa mgongoni. Anayekwenda anaupokea kifuani. Kwa hiyo kwenda ni kurefu kuliko kurudi."

Fundi mzima! Kitu cha kwanza ninachomwambia anayejifunza kazi ni kupima mwenyewe, asichukue kipimo cha mdomo. Wiki tisa nimemwua mama kwa kipimo cha mdomo. Nilizunguka barabara mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani, kwa sababu sikujua nitamwangalia vipi usoni.

Nilimwambia alipokuwa amelala. Nilisema yote haraka: upepo, saa, kosa langu, saa moja na dakika ishirini na tano zilizozidi.

Akaniuliza, "Wewe ulinichukua muda gani kuzaliwa?"

"Siku mbili, mama. Umeniambia mara nyingi."

"Na niliambiwa ni uchungu wa usiku mmoja. Je, nilikurudisha?"

Nilicheka na kulia pamoja. Akanipiga kibao kidogo cha shavu. "Futa ukutani, andika upya. Na uandike wewe, si mtu mwingine."

Nimeandika 11:05. Kaka aliporudi jioni akaitazama ile namba muda mrefu. Nilimsubiri aseme. Akauliza tu tunaanza saa ngapi kesho.

Jumatano, 6 Mei

Saa kumi kamili. Maumivu makali.

Alhamisi na Ijumaa, 7 na 8 Mei

Amepumzika kwa amri yangu. Mvua imepungua.

Jumamosi, 9 Mei

Daktari alifika saa moja asubuhi, akamwona mama akikaa, akaondoka kwenda kazini. Akarudi mchana, akapima mguu, akaondoka. Aliahidi kurudi mwishoni.

Saa tisa za kwanza zilikwenda kwa mazoea. Misumari, soksi, nyayo. Saa ya kumi mama aliiacha misumari. Uso wake ukawa wa rangi ya majivu, jasho likatoka juu ya mdomo. Ilipofika kumi na robo akaniangalia, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, nilaze."

Mama yangu hajawahi kuniomba kitu. Niliinuka. Godoro lilikuwa nyuma ya mlango, na mikono yangu ilikuwa imeshalishika. Kwangu ilikuwa imeisha: hakuna fomu, hakuna ndege, bora apumzike.

"Hapana," akasema Kaka.

"Kaka, huoni?"

"Naona. Hapana." Akamgeukia mama, akamshika mikono yote miwili. "Mama, wale wanawake uliowazalisha, walikuwa wanakwambia nini wakikaribia?"

Mama akameza mate. "Walikuwa wananitukana."

"Basi nitukane."

Naye akamtukana! Alimwita punda, alimwita gunia, alimtaja kwa kichwa chake kikubwa kilichomtesa siku ya kuzaliwa, akataja mpira, akataja ngazi. Ndiyo, ngazi pia, yote aliyokuwa amemsamehe pale hospitali aliyatoa tena moja moja, na Kaka anaitikia, "Ndiyo mama. Na lingine?" Matusi yalidumu dakika ishirini na tano. Sikujua mama ana akiba kubwa hivyo. Alipoishiwa, rangi ilikuwa imerudi usoni.

"Wote hufika hapo," akasema, akihema. "Wakishamtukana mkunga, mtoto yuko karibu."

Daktari alikuta zimebaki dakika kumi na tano. Alivuta kigoda, akakaa naye. Ilipotimu, akatoa kalamu mfukoni na kusaini juu ya goti lake mwenyewe.

Ijumaa, 15 Mei

Mabegi. Kaka amefunga mkongojo kwa utepe mwekundu usipotee.

Jumamosi, 16 Mei

Asubuhi, uwanjani. Kaka alikisukuma kiti cha magurudumu mpaka mahali ambapo asiye na tiketi hapiti. Nilimwambia mambo niliyopaswa kumwambia mwezi mzima: kwamba bila yeye tusingefika hapa, na kwamba nilimdhania vibaya. Akanijibu, "Mchunge nyayo kila robo saa," akageuka upesi.

Saa ya kwanza hewani. Mama amekibonyeza kiti. Anasema changu kilikuwa kigumu zaidi, na ameitamka kama sifa.

Saa ya nne. Jirani yetu ni mwembamba, ana viwiko vya heshima. Mama amenung'unika kwamba hapati upinzani.

Saa ya saba. Maumivu. Nyayo.

Saa ya tisa na dakika arobaini. Sikumwambia. Nilimshika mkono tu.

Saa ya kumi. Rubani ametangaza kwamba upepo wa mbele ni mkali kuliko ilivyotarajiwa, tutachelewa dakika ishirini. Mama akauliza, "Kasemaje?" Nikamwambia kweli. Akavuta pumzi, akajiweka sawa. "Uvume tu," akasema. "Mimi nimeshakaa."

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano tulikanyaga ardhi, na ingawa mwili ulijua ni usiku, jua la huko lilikuwa bado juu.

Mtoto wa Mama Mkubwa alitupeleka moja kwa moja nyumbani kwake. Nilimsihi mama alale kwanza, nusu saa tu, kwenye kiti cha nyuma cha gari. Akakataa. Chumba cha mgonjwa ni kidogo, kina dirisha moja na kitanda chembamba cha chuma. Mama Mkubwa alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta, mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Muuguzi alisimama haraka, akamsogezea mama kiti.

Mama hakukitazama. Alitembea hadi kitandani, akaegemeza mkongojo, akavua viatu kwa kusugua kisigino juu ya kisigino.

"Sogea," akamwambia pacha wake.

Muuguzi alifungua mdomo kueleza kwamba mgonjwa hawezi, wiki tatu sasa anageuzwa na watu wawili. Mama Mkubwa akasogea. Polepole, bega kwanza, halafu kiuno, mpaka uso ukagusa ukuta na pakapatikana nafasi. Mama akapanda, akanyoosha lile paja la chuma, akalala chali, akatoa pumzi iliyokaa ndani tangu asubuhi. Mkono wa Mama Mkubwa ukaja nyuma ukimtafuta, ukamshika nguo, ukabaki hapo.

Muuguzi akauliza kwa kunong'ona kama wageni wanaruhusiwa kulala juu ya kitanda. Nilikivuta kile kiti nikakikalia mimi.